Kinywa Changu Kikakana: Hotuba kwa Vikundi vya Kwaya, Taarab na Maigizo, Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Walimu wa kwaya, wanataarab, viongozi wa ngoma, na ninyi wa maigizo mliotoka Mikindani, Newala na Masasi, na wenzetu wa Lindi mliopitia Mingoyo alfajiri: karibuni sana. Kalamu na zitoke, maana kazi ya asubuhi hii ni ya kuandika. Ya mchana ni ya koo.

Neno opereta linawatisha watu bure. Wakilisikia huona majumba ya Ulaya, taa za vioo na okestra ya watu sitini. Opereta ni igizo la muziki ambalo wahusika wake huzungumza kama watu wanavyozungumza, kisha jambo linapowazidi moyoni huimba. Hapo ndipo inapoachana na opera, ambayo karibu kila neno lake huimbwa. Mtunzi wa opereta Jacques Offenbach alipofungua ukumbi wake wa Bouffes-Parisiens mjini Paris mwaka 1855, kibali alichopewa mwanzoni hakikumruhusu kupandisha jukwaani waimbaji zaidi ya watatu. Watatu tu! Kikundi chenye watu kumi na kinanda kimoja kisijione kimechelewa.

Leo tutashika kazi moja na kuipasua mbele yenu kama samaki, ili muone mifupa yake. Ni Die lustige Witwe, yaani Mjane Mchangamfu, muziki wa Franz Lehár na maneno ya Victor Léon na Leo Stein. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Theater an der Wien, mjini Vienna, tarehe 30 Desemba 1905. Mwaka huohuo kule Unguja kilianzishwa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab ambacho kila mtu hapa anakijua. Na mwaka huohuo, Julai, vita ya Majimaji iliwaka Nandete, Umatumbi, ikafika hadi Liwale na Masasi. Wako wazee watakaowauliza kwa nini mhangaike na muziki wa Wazungu wa mwaka ule walipokufa mababu. Swali hilo ni la haki, msilikwepe. Jibu letu ni kwamba hatuwaiti muige. Mnachukua mifupa, nyama, damu na sauti ni za kwenu.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna nchi ndogo ya kubuni inaitwa Pontevedro, na ubalozi wake uko Paris. Hanna Glawari, mtoto wa watu wasio na kitu, aliolewa na tajiri wa benki, na tajiri akafa akamwachia milioni 20. Fedha hizo ni sehemu kubwa mno ya mali ya nchi. Hanna akiolewa na Mfaransa, fedha zinahama na nchi inafilisika. Kwa hiyo balozi, Baron Zeta, anataka aolewe na kijana wa nyumbani, Danilo. Kumbe Danilo na Hanna walipendana zamani, kabla hajawa tajiri, na aliyewatenganisha ni mjomba wa Danilo, kwa sababu binti hakuwa na kitu. Sasa binti ana kila kitu, na Danilo anaona aibu. Akisema “nakupenda” leo, nani ataamini kwamba hazungumzi na milioni 20? Anaapa hatalitamka neno hilo kamwe. Hanna naye anaapa hatamkubali mpaka alitamke.

Huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao mtu wa Vienna hawezi kuuhisi kama mtu wa Newala. Hata hivyo mjomba wa hadithi hii haonekani jukwaani hata mara moja. Kwa maoni yetu huko ni kupoteza dhahabu. Mkitengeneza yenu, mjomba apewe kiti, apewe kikohozi, apewe wimbo wake.

Pembeni kuna wapenzi wa pili. Valencienne, mke wa balozi, anafuatwa na Mfaransa kijana, Camille. Camille ameandika “nakupenda” kwenye kipepeo cha mkononi cha bibi huyo, kile cha kujipepea. Kipepeo kinapotea na kuanza kuzunguka, kila anayekiokota anajenga dhana yake. Katika sehemu ya pili Camille na Valencienne wanaingia kwenye kibanda cha bustani. Balozi anachungulia tundu la funguo, anamwona mkewe. Njegus, karani wa ubalozi, anamtoa Valencienne kwa mlango mwingine na Hanna anaingia mahali pake. Mlango unafunguliwa: Hanna anatoka na Camille mkono kwa mkono, na ili kumsitiri mwenzake anatangaza kwamba huyu ndiye mchumba wake. Danilo anachomeka. Anasimulia kisa cha mwana wa mfalme aliyesalitiwa, kisha anaondoka kwa hasira. Wote wamekata tamaa isipokuwa Hanna, kwa sababu sasa amejua: asiyependa hakasiriki namna ile.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo lililotuleta hapa. Katika hadithi ya aina hii, wahusika hupotea lakini mtazamaji hapotei. Valencienne alipotoka kwa mlango wa nyuma, mtazamaji alimwona. Danilo hakumwona. Furaha yote, na uchungu wote, vinakaa katika nafasi hiyo kati ya anachojua bibi wa kiti cha nne na asichojua Danilo. Maigizo mengi yetu huharibikia hapa. Mwandishi anamficha mtazamaji siri ili amshangaze mwishoni. Matokeo yake, kwa saa nzima watu wanaulizana “huyu nani? kwa nini analia?”, na mshangao ukifika wameshachoka. Siri mwachieni mwandishi wa hadithi za upelelezi. Opereta ya mapenzi huisema siri mapema, tena kwa sauti.

Tengenezeni jedwali. Chukueni karatasi kubwa ya manila, chora safu moja kwa kila mhusika, na safu ya mwisho iwe ya mtazamaji. Mistari ya kulala iwe maonyesho, moja hadi la mwisho. Katika kila chumba andika kwa maneno matatu au manne mhusika huyo anajua nini wakati onyesho linaanza. Ukimaliza, angalia safu ya mtazamaji: haitakiwi kuwa na chumba kitupu hata kimoja. Halafu angalia safu za wapenzi wawili. Kama katika onyesho lolote wote wawili wanajua mambo yaleyale na bado hawapatani, hapo pana tundu. Ama liziba ama litoe onyesho hilo. Jedwali hili ni kazi ya siku moja, na linaokoa wiki tatu za mabishano kwenye mazoezi.

Tundu kubwa zaidi siku hizi ni simu. Mtazamaji wa Mtwara atauliza, kwa nini asimpigie? Mna njia mbili. Pelekeni hadithi nyuma, mwaka 1965 kwa mfano, wakati wa barua na mshenga. Au ifanyeni simu yenyewe iwe kosa: ujumbe wa sauti uliokatika katikati, ukasambazwa nusu. Njia ya kwanza tunaipenda zaidi, kwa sababu mshenga ni mtu na anaweza kuimba.

Tukija kwenye kitu cha kushikwa mkononi, opereta haiaminiki kwa maneno matupu. Dhana potofu lazima isimame juu ya kitu ambacho jicho linakiona. Johann Strauss katika opereta yake Die Fledermaus, ya 1874, alitumia saa ya mfukoni: mume anamtongoza mwanamke aliyevaa barakoa, mwanamke anamnyang'anya saa, na siku ya pili mume anagundua kwamba saa iko kwa mkewe. Lehár alitumia kipepeo. Ninyi mna kanga, na hakuna kitu duniani kilichofumwa kwa kazi hii kuliko kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Watu wa pwani wamepelekeana mapenzi, wivu na matusi kwa jina la kanga tangu zamani. Na inauzwa kwa doti, vipande viwili. Dukani vipande vyote viwili vina jina lilelile. Kwenye jukwaa lenu viandikeni tofauti. Kijana amwandikie mke wa mtu kipande cha kwanza: NAKUPENDA. Bibi ajibu kwenye kipande cha pili: LAKINI NINA MUME. Kipande cha kwanza kipotee, kiokotwe na mume, kiokotwe na shangazi, kizushe moto mji mzima. Cha pili kionekane dakika za mwisho.

Angalieni vipimo. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, na herufi za jina lake ni ndogo. Mtu wa mstari wa tano hasomi kitu. Andikeni kwa rangi ya kitambaa juu ya shuka jeupe lenye pindo lililoshonewa, herufi ziwe na urefu wa sentimita 20. Kwa ukubwa huo mtu wa mita 20 anasoma bila shida, na neno NAKUPENDA, lenye herufi tisa, linaenea kwenye kipande likiachiwa sentimita 14 kwa kila herufi. Hata hivyo, kila kanga inapofunuliwa mhusika mmoja aisome kwa sauti. Wako wasioona vizuri na wako wasiosoma, nao wamelipa kiingilio.

Mjane wenu, je? Hapa kuwa makini. Kama ni Mwislamu, watazamaji watahesabu eda, miezi minne na siku kumi, hata kama hamkuitaja. Wakimwona anacheza dansi na wao wanadhani bado yuko kwenye eda, hawatacheka. Watawakasirikia, na watakuwa na haki. Mazungumzo ya kwanza kabisa yaseme eda imekwisha. Utajiri wake usiwe milioni za benki. Uwe shamba la mikorosho. Mtu yeyote hapa anajua wachumba wanavyozuka mnada wa korosho ukianza, na hamtahitaji kueleza chochote.

Na Njegus, yule karani anayejua kila kitu, mpeni nafasi ya mtani. Opereta za Ulaya hutumia mtumishi au mlevi kwa sababu ni hao tu wanaoweza kusema ukweli mbele ya wakubwa. Sisi tuna utani. Mtani wa ukoo anaweza kumtukana balozi, akalala mlangoni, akadai fedha msibani, na hakuna anayemkamata. Yeye ndiye mtu wa kumgeukia mtazamaji na kusema: mmeona aliyetoka? mmeona aliyeingia?

Sasa tuingie kwenye nyimbo, na hapa tutakaa.

Walzi ni mwendo wa mapigo matatu, la kwanza zito na mawili mepesi. Wanakwaya wengi huyapiga yote matatu kwa uzito sawa, na wimbo unageuka gwaride la watu wenye miguu mitatu. Dawa yake ni ya mwili. Waimbaji wasimame, pigo la kwanza wabadilishe uzito wa mwili kwenda mguu mwingine, la pili na la tatu wapige vidole tu. Dakika kumi kila mwanzo wa mazoezi, bila kuimba, kwa wiki mbili za kwanza. Tumieni metronomu, kihesabu mapigo, ya kwenye simu, anzeni mapigo 90 kwa dakika. Kwa mwendo huo kipimo kimoja, yaani mapigo matatu, ni sekunde mbili. Mkishazoea pandeni hadi 120, ambapo kipimo ni sekunde moja na nusu. Msikimbilie huko. Walzi ya mapatano katika kazi ya Lehár ni ya taratibu, wala haina haraka ya kwenda popote.

Kutia maneno ya Kiswahili ndiko kunakowashinda wengi, na sababu yake inajulikana. Kijerumani hupenda kumalizia mstari kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno letu daima linaishia pumzikoni. “Ich liebe dich” ina silabi nne na mkazo uko kwenye ya pili. “Nakupenda” nayo ina silabi nne, lakini mkazo uko kwenye ya tatu. Ukiimimina moja kwenye tuni ya nyingine unapata “naKUpenda”, na mtazamaji anasikia mgeni anajifunza lugha. Suluhisho: “na-ku” ziwe nota za kuingilia kabla ya kipimo, “pe” ikae kwenye pigo la kwanza na kushikwa mapigo mawili, “nda” ishuke pigo la tatu. Pale tuni inapoishia kwa nota moja nzito, igawanyeni mara mbili, nota ya mwisho iwe nyepesi. Mtunzi hatafufuka kulalamika. Lehár alifariki mwaka 1948.

Ila njia iliyo bora ni kuacha kutafsiri na kutunga. Wimbo wa taarab mnaoujua una beti za mistari mitatu, na mstari wa mizani 16, yaani silabi 16, unagawanyika 8 na 8. Mizani 8 inaingia kwenye vipimo vinne vya walzi kama mkono kwenye glavu: silabi mbili kwa kipimo, ya kwanza mapigo mawili, ya pili pigo moja. Lakini si kila mizani 8. Tazameni mstari huu tuliowaandikia ubaoni:

Moyo wangu ulijua, mdomo ukakataa.

Hesabuni: nane kwa nane, mizani imetimia na kwenye karatasi hauna kosa. Uimbeni. “Moyo wangu ulijua” unakwenda wenyewe: MO kwenye pigo zito, WA kwenye pigo zito, JU kwenye pigo zito. Halafu “mdomo”. Silabi ya kwanza ni “m”, na imeangukia pigo zito la mapigo mawili. Mwimbaji amefumba midomo na kuguna “mmmm” huku kwaya nzima ikingoja. Mkazo wa neno, DO, umeangukia pigo jepesi. Sasa badilisheni:

Moyo wangu ulijua, kinywa changu kikakana.

KI-nywa CHA-ngu ki-ka-KA-na. Mizani ni ileile, maana ni ileile, na sauti imefunguka. Huo ndio ukaguzi ambao kila mstari wenu lazima uupite: si kuhesabu silabi tu, bali kuona mkazo umekaa pigo lipi. Maneno yanayoanza na “m” au “n” inayojitegemea, kama mtu, mke, nchi, yawekeni mwishoni mwa kipimo au yawe ya kuingilia. Na maneno muhimu ya hadithi, yale ambayo mtu asipoyasikia atapotea, yasiimbwe na sauti nne kwa pamoja. Yapeni sauti moja, kwaya ijibu.

Kwa mwendo wa mapigo 90, mstari mmoja wa mizani 16 unachukua sekunde 16 na ubeti wa mistari mitatu sekunde 48. Beti tano ni dakika nne, na dakika nne za mtu mmoja amesimama anaimba ni nyingi. Beti tatu zinatosha. Opereta ya kwanza ya kikundi isizidi dakika 90, nyimbo 12 hadi 14, na kati yake angalau nne ziwe za watu wawili wanaobishana au kubembelezana.

Kuhusu sauti, nafasi ya Hanna imeandikwa kwa soprano, sauti ya juu ya kike, aliyefunzwa kupanda juu sana. Mkitumia tuni za asili, shusheni ufunguo nusu-toni nne au tano badala ya kumlazimisha mwimbaji apige kelele. Nafasi ya Danilo huimbwa na sauti ya kiume ya juu (tena) au ya kati (baritoni). Mchagueni anayeigiza vizuri kuliko anayeimba vizuri, kwa sababu kazi yake kubwa ni kunyamaza na watu waone kwamba ananyamaza. Kwaya ya watu 16, wanne kwa kila sauti, inatosha. Wapigaji sita: kinanda, gitaa, besi, violini au akodiani, na ngoma mbili. Ngoma zinyamaze kila wimbo wa maneno ya harakaharaka. Spika za kinanda zisielekezwe kwa watazamaji peke yao, moja igeukie waimbaji, la sivyo watachelewa nusu pigo na mtafikiri hawajui mwendo.

Mazoezi ni wiki 12, mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara. Jumla saa 72. Saa 24 za kwanza ni za muziki, watu wamekaa. Saa 24 zinazofuata ni za kusimama, bila karatasi mkononi. Saa 12 za kuunganisha sehemu, na 12 za mwisho ni igizo zima kuanzia mwanzo hadi mwisho na mavazi yote. Kosa linalorudiwa ni kuunganisha mapema: watu wanataka kuona igizo zima wiki ya tatu, wanajifunza kusimama vibaya, na makosa hayo hayatoki tena. Msipange onyesho Ramadhani wala Kwaresima. Oktoba na mwanzo wa Novemba panafaa, korosho zinauzwa na mvua kubwa hazijafika, tena tafuteni juma la mwezi mpevu ili watu warudi nyumbani wakiiona njia. Mkionyesha nje, karibu na bahari, kumbukeni kwamba pazia ni tanga. Lipasueni matundu ya nusu duara kila mita moja na pindo la chini lishonewe mchanga. Uwanja kama wa Ilulu pale Lindi ni mpana mno kwa kazi hii. Uso wa mtu ndio hadithi, na uso hauonekani mita 60. Jenereta ikae mbali, angalau mita 30, upande ambao upepo unakwenda.

Kibanda cha bustani kinahitaji maelezo. Kijengwe upande wa kulia wa jukwaa, kiwe na milango miwili na ukuta wa mbele usiwepo, au uwe wa wavu, ili mtazamaji aone ndani. Mlango mmoja ni wa wahusika wote, wa pili wanaujua watatu tu. Mbadilishano wa wanawake wawili usifanywe kwa haraka. Uwekeeni muziki wa vipimo 16, ambao kwa mapigo 120 ni sekunde 24. Bibi wa kwanza atoke kabisa, jukwaa likae tupu kipimo kimoja, ndipo wa pili aingie. Wakipishana mlangoni, mtu wa nyuma ataona mwanamke mmoja tu na hadithi yote itamponyoka hapo. Mavazi yao yawe ya rangi zinazopingana, mmoja nyekundu, mwingine nyeupe, tangu mwanzo hadi mwisho. Msiwabadilishie mavazi kwa ajili ya urembo.

Na kutunza. Taarab bila kutunzwa si taarab, na hatuji kuwakataza watu wetu heshima hiyo. Lakini mtu akipanda jukwaani na noti wakati Danilo anamwona mpenzi wake na mwingine, uchungu umekufa. Tengeni wimbo mmoja katika kila nusu ambao ni wa kutunzwa, mtani autangaze, na wapigaji wawe tayari kurudia kiitikio hata mara sita. Nyimbo nyingine, mtani akae mbele ya ngazi za jukwaa. Yeye anaweza kumrudisha mtu kwa mzaha bila kumvunjia heshima. Vigelegele navyo vipangieni nafasi: baada ya neno la mapatano, vipimo vinane vya muziki mtupu. Bila hivyo, mstari unaofuata hausikiki.

Tumalizie na mapatano, kwa sababu ndiyo yanayoharibiwa kuliko yote. Katika kazi ya Lehár, tuni ya walzi kuu husikika kabla, wawili hao wakiicheza bila kukiri kitu. Inaporudi sehemu ya tatu na maneno, yanasema midomo imenyamaza na violini zinanong'ona. Yaani muziki umeshakiri, kinywa ndicho kilichobaki nyuma. Fanyeni hivyo. Tuni ya mapatano ipigwe na violini peke yake onyesho la pili, irudi kwa kuguna, na maneno yaje mara ya tatu. Mapatano yanayoletwa na mzee anayesimama na kutoa nasaha kwa dakika tano hayamgusi mtu, hata nasaha zikiwa za kweli, maana wanaopatana si wao, ni mzee.

Tuna ugomvi mmoja na mwisho wa asili. Hanna anasema akiolewa tena atapoteza mali yote. Danilo, sasa huru kutoka kwenye fedha, analitamka neno. Ndipo Hanna anaeleza: mali inampotea kwa sababu inakwenda kwa mume mpya. Ni kichekesho kizuri cha Vienna, lakini hapa hakisimami. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe, na kuolewa hakuihamishi kwa mume. Zaidi ya hapo, kinamlipa Danilo kwa kupenda. Tunawashauri hivi: mjane aseme, “Nikiolewa, shamba si langu tena.” Kijana alitamke neno. Kisha mjane aeleze kwamba shamba ameshawaandikia binti zake, kama ukoo wa mama unavyotaka, na kijana amepata mke, jembe na mjomba wa kumwomba radhi. Watu wa kusini watalielewa hilo bila tafsiri. Na hapohapo mtani alete kipande cha pili cha kanga, balozi akisome, apige magoti kwa mkewe.

Mengine tutayaona kwa kufanya. Mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri mapema juu ya vibali, siyo wiki ya onyesho. Sasa sauti ya kwanza kaeni upande wa dirishani, sauti ya pili nyuma yao, sauti za tena na besi huku mlangoni. Mstari uko ubaoni. Mapigo 90, uzito wa mwili kwenye pigo la kwanza. Kinanda, tupe do.